Dada Amekuwa Mpole

Jumatatu, 13 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako yuko dukani na misumari yake, na mimi niko hospitali na shuka zangu. Zinakuja chafu, zinarudi safi, siku zinakwenda.

Leo sina jambo kubwa. Nilikuwa stoo nakunja foronya, nikawaza kwamba miaka yote hii sijawahi kukuambia kuwa wewe ni fundi hodari. Saa uliyonitengenezea nilipotimiza miaka thelathini haijawahi kunidanganya hata dakika moja. Umeishi vizuri. Umefanya kazi kwa mikono yako na hukumdhulumu mtu. Mama angekuwepo angejivuna.

Kula unachopenda. Pumzika ukichoka. Usijali sana mambo ya dunia.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako


Jumatatu, 27 Januari

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumanne iliyopita, nikiwa nimekaa mezani na saa ya mfukoni ya mkuu wa stesheni. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeifungua yote, vipande hamsini na vitatu, nikavipanga kwenye visahani. Nikafuta mikono, nikasoma barua. Nikaigeuza nyuma kutazama kama kuna kingine. Hakuna.

Dada, soksi ziko wapi? Tangu niondoke nyumbani, miaka ishirini na sita sasa, hujawahi kuniandikia barua isiyouliza kama nimevaa soksi kwenye hii sakafu ya saruji. Hukuuliza kama nimekula. Hukuniita mpumbavu wala kichwa kigumu. Hata suala la kuoa hukuligusa, na mwaka jana pekee uliligusa mara kumi na moja. Badala yake unaniambia "umeishi vizuri." Maneno hayo mimi nimeyasikia makaburini tu, na anayeambiwa huwa hajibu.

Ningekupigia, lakini sheria ni yako mwenyewe: simu ni ya msiba, mengine yote yaandikwe. Nikithubutu kupiga, utazirai kabla hujapokea. Kwa hiyo nauliza kwa karatasi: kuna nini huko?

Mimi sijambo kabisa. Mwandiko usikushtue, meza yangu ina mguu mmoja mfupi.

Mdogo wako


Alhamisi, 6 Februari

Shemeji,

Salaam. Nakuandikia nikiwa dukani nyuma ya mapipa ya rangi, ili dada yako akipita asinione. Jambo lenyewe naona haya hata kulitamka. Dada yako amekuwa mpole.

Jumapili nilimwaga chai kwenye kitambaa cheupe cha mezani, kile alichokidarizi mwenyewe, ambacho wageni hukaa mbali nacho bila kuambiwa. Nikasimama nikisubiri. Akasema, "Haidhuru, mume wangu, kitambaa ni kitu tu." Jumatatu nikaingia na viatu vya dukani mpaka chumbani, makusudi, nimpime. Akanitazama, akatabasamu, akachukua ufagio mwenyewe. Shemeji, nimekaa na mke wangu miaka kumi na tisa. Huyu aliyepo sasa sijui nimkalie vipi. Nikila naangalia mlango.

Nilipomwuliza alisema ana jino, anakwenda kwa daktari. Amekwenda mara tatu kwa ajili ya jino hilo, na kila akirudi anatafuna pande zote mbili bila shida.

Barua yako aliisoma, akaiweka kwenye mkoba, akasema atajibu. Hajajibu. Wewe ulilelewa naye. Niambie, tufanye nini ili arudi kama zamani?

Shemeji yako wa misumari


Jumamosi, 15 Februari

Shemeji,

Barua hii ukimaliza kuisoma ichome. Ukishindwa kuichoma, ifiche mahali ambapo dada hafiki, kama unapajua.

Meza yangu haina mguu mfupi. Ni mkono. Mkono wangu wa kulia unatetemeka tangu mwezi uliopita, na fundi saa asiye na mkono ni mtu tu aliyekaa dirishani. Ile saa ya mkuu wa stesheni bado iko kwenye visahani. Mzee anastaafu tarehe 31 Machi na anataka kutoka getini nayo mfukoni, kwa sababu ndiyo aliyoingia nayo. Kila Jumamosi anakuja kuuliza. Namwambia tunasubiri kipuri. Hakuna kipuri, shemeji. Vipande vyote vipo, natetemeka mimi. Mkono usipotulia hadi tarehe hiyo nitafunga karakana, nije hapo kwako kupima misumari kwa kilo. Najua utanipokea, ndiyo maana nakuambia wewe.

Daktari alinipima mishipa, damu, macho, akakuta mimi mzima. Akasema akili imebeba mzigo, mkono ndio unaolalamika. Akanielekeza kwa mama mmoja anayetibu kwa hipnosisi, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka akili ifunguke. Usicheke. Mimi mwenyewe nilidhani atanipungia saa mbele ya pua, na nilikuwa nimejiandaa kutazama ni ya aina gani. Hana hata saa ya mkononi. Ana kiti cha kulalia, blanketi, na sauti laini ya kumbembeleza mtoto wa mtu mwingine. Hulali usingizi. Unasikia kila kitu, ila mwili unakuwa kama umesamehewa kazi.

Siku ya kwanza haikufaa. Ukutani ana saa inayochechemea. Ananiambia legeza mabega, mimi nasikia tik, halafu kimya, halafu tak-tik. Ananiambia pumua, vuta kwa nne, toa kwa sita, mimi nahesabu sekunde anazopoteza kwa wiki. Mwisho nikaomba ruhusa, nikapanda juu ya kiti chake, nikainyoosha. Ilikuwa imening'inia upande, basi. Aliandika kitu kwenye daftari.

Mara ya tatu ndipo nilipotulia. Alinishusha ngazi za kufikirika, kumi hadi moja, akaniambia nitafute mahali mkono ulipoanza. Nikaona meza yangu, visahani, ile Jumanne. Nikaona bahasha yenye mwandiko wa dada, na mkono ukaanza pale pale. Mtaalamu akaandika daftarini, nikachungulia: "Chanzo: barua ya dada."

Sasa wewe ukimwambia dada hivyo, mimi na wewe tutazikwa pamoja.

Shemeji yako wa visahani


Jumatatu, 24 Februari

Mdogo wangu mpendwa sana,

Natumaini hujambo na umepumzika.

Napenda kukujulisha, bila kumlaumu mtu yeyote, kwamba barua uliyomwandikia shemeji yako nimeikuta kwenye mfuko wa suruali yake alipoileta kufuliwa. Mimi hukagua mifuko ya makoti ya madaktari, ya suruali za mume wangu, na ya kila kinachoingia kwenye maji. Ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na tisa hajalijua hilo. Haidhuru.

Nimeisoma nikiwa nimekaa chini. Kumbe ni mimi. Bahasha tu, hata kabla ya kufunguliwa, na mkono wako unaanza kutetemeka. Miaka ishirini na sita nakupigia kelele kwa karatasi, na kabla ya hapo nilikuwa nakupigia kwa mdomo, nikidhani ninakulea, kumbe nakuharibu mishipa. Hata ile barua moja nzuri ilikukuta umekwisha zoea kuniogopa.

Nisamehe. Sitakugombeza tena maisha yangu yote. Kuhusu miguu yako, ni miguu yako, fanya upendavyo. Kuhusu kuoa, moyo ni wako. Huyo mama mtaalamu mpe shukrani zangu na umwambie sikuwa na nia mbaya.

Karakana usifunge. Lakini ukifunga, kitanda kipo, nimekitandikia shuka mpya.

Akupendaye kwa utulivu,
Dada yako


Alhamisi, 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Tafadhali acha. Nakuomba kwa heshima zote za ukubwa wako, acha.

Barua yako ilinikuta na kibano mkononi. Nilipofika kwenye "kuhusu miguu yako, ni miguu yako," kibano kiliruka kikaingia kwenye kikombe cha mteja. Tangu siku hiyo mkono wa kushoto nao umejiunga. Nikinywa chai nasikika mpaka duka la pili.

Nilikimbilia kwa mtaalamu bila miadi. Akasoma barua yako, akasoma ya Januari, akaniuliza, "Zamani alikuwa anaandika vipi?" Nikarudi nyumbani, nikachukua lile sanduku la viatu lenye barua zako zote, nikampelekea. Akanilaza kwenye kiti, akanishusha ngazi zake kumi, halafu akachagua moja, ya mwaka ule nilipougua kifua, akaisoma. Dada, ungemsikia. Kwa sauti ile ile ya kubembeleza, polepole, kama anatandika pamba: "Mpumbavu wee... unadhani kifua chako kimechongwa kwa chuma... vaa soksi kabla sijapanda gari kuja kukuvika mwenyewe mbele ya wateja wako... na hutapenda..."

Mkono ulitulia. Sikuwa najua, yeye ndiye aliyeona. Akasoma ya pili, ile uliyoniita punda aliyesoma. Nikaanza kukoroma. Aliniambia katika kazi yake yote hajawahi kumtuliza mtu kwa neno punda.

Halafu akaniuliza swali moja: ni lini maishani mwangu watu walikuwa wapole na mambo yakawa mabaya? Nikalia hapo hapo kitini, jitu zima, na blanketi lake begani.

Unakumbuka Mama alipolazwa? Nilikuwa na miaka minane. Mwalimu aliyekuwa akinichapa kila siku akaanza kunipa peremende. Jirani aliyetufukuza uani kwake akaniita mwanangu. Watu wote walinilegezea sauti, na mimi nikajua Mama harudi, siku nne kabla hawajaniambia. Wewe peke yako, na miaka yako kumi na minne, ulisimama mlangoni ukaniambia, "Miguu hiyo hailali kitandani kwangu kabla haijaoshwa." Niliosha huku nalia. Lakini nilijua kesho ipo na kuna mtu atakayekuwepo.

Kwa hiyo umeisoma vibaya barua niliyomwandikia shemeji. Kilichoniogopesha Januari hakikuwa bahasha yako. Ni kwamba niliifungua nikakuta umelegeza sauti.

Nakuuliza mara ya pili, na safari hii usiniletee habari za foronya. Shemeji anasema una jino ambalo haliumi. Una nini, dada? Niambie hata kama ni kibaya. Kutetemeka kwa kujua ni afadhali kuliko huku kwa kubahatisha.

Mdogo wako


Alhamisi, 13 Machi

We mpumbavu,

Umejibu nini huko kwa huyo mama, ukilia na blanketi la watu begani? Ulilifua kabla ya kulirudisha? Sidhani.

Kaa chini. Umekaa? Mwezi wa kwanza mwanzoni, daktari mmoja alikuja stoo kuomba shuka, akanitazama shingo badala ya kutazama daftari la kusaini. Nikamwambia macho yake ayarudishe kwenye shuka. Akasema, "Mama, una uvimbe hapo." Mdogo, kama punje ya haragwe. Mimi ninayejua kila doa kwenye kila foronya ya hospitali ile sikuwa nimeliona la shingoni kwangu. Wakapiga picha, wakachukua kipande kwa sindano, wakasema tusubiri. Wiki ya kwanza wakasema sampuli haitoshi, wakachukua tena. Tukasubiri tena.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia shemeji yako angefunga duka akae ananitazama. Ningekuambia wewe ungepanda gari bila soksi. Nilikaa stoo nikakunja foronya arobaini, na yote niliyokuwa nakuandikia nikayaona mbele yangu. Nikajisemea, kama hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwake, haiwezi kuwa ya soksi. Atanikumbuka kwa soksi. Ndipo nikaandika ile. Niliiandika mara sita. Ile ilikuwa kazi ngumu kuliko kufua chumba cha upasuaji, nawe unaniambia imekuharibu mkono!

Majibu yalitoka Ijumaa tarehe 28. Si kitu. Ni uvimbe tu, umekaa pale hauna nia mbaya na mtu. Wataniangalia baada ya miezi sita, basi. Na kabla hujauliza: karatasi nimeisoma mwenyewe, kisha nikamsimamisha daktari anisomee, kisha nikamwita mwenzake asome.

Na nitakuambia jambo ambalo ukimwambia mtu nitalikana. Asubuhi ya majibu, pale kwenye benchi, moyo ulinidunda mpaka nikasikia masikioni. Nikakumbuka kile ulichomwandikia shemeji yako. Vuta kwa nne, toa kwa sita. Nikafanya. Muuguzi akaniuliza kama nina pumu. Lakini ilisaidia. Huyo mama wako anajua kazi yake, japo aliining'iniza saa upande.

Jioni ile nilitaka kukuandikia nikutukane kwa furaha. Kalamu nilikuwa nimeshika. Nikakumbuka "Chanzo: barua ya dada," nikaiweka chini. Wiki mbili nimemeza maneno mpaka tumbo limejaa. Kumbe ungeeleza vizuri tangu mwanzo nisingeteseka. Fundi wa kupanga vipande hamsini na vitatu anashindwa kupanga sentensi mbili!

Sasa sikiliza. Kwanza, soksi. Zile za sufu, mbili mbili. Pili, utakula chakula cha moto kila mchana, si mkate wa kusimama. Tatu, hiyo habari ya kumwambia mzee wa watu kwamba unasubiri kipuri ni uongo, na mimi sikukulea uwe mwongo. Jumamosi akija mwambie ukweli, kwamba mkono ulikuwa mgonjwa na unapona. Nne, mbona hujaoa? Tano, funga mdomo, ukae mezani, uirudishe saa ya watu. Ukija hapa kupima misumari kwa kilo, nitakupima wewe.

Shemeji yako nimemwambia yote leo asubuhi. Alilia, mwanamume mzima. Halafu nikaona ameingia na viatu.

Dada yako, na usinifanye niandike tena


Jumatano, 19 Machi

Shemeji,

Machache tu, nina wateja. Amerudi. Kuhusu viatu nimeambiwa mambo ambayo karatasi hii haiwezi kuyabeba, na kuhusu mifuko ya suruali nimeambiwa mengine. Mchana wote nimekuwa nikipiga mluzi dukani. Wateja wananiuliza nimepata nini.

Shemeji yako


Jumanne, 1 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Tazama mwandiko huu. Nimeandikia juu ya goti, mezani pamejaa kazi.

Jumamosi ile nilimwambia mkuu wa stesheni ukweli. Nilidhani atachukua visahani vyake aondoke. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasema mwezi huu na yeye hapati usingizi, kwa sababu hajui ataamka kufanya nini tarehe moja. Nikamwelekeza kwa mama wa hipnosisi. Alikwenda. Nasikia na yeye aliinyoosha ile saa.

Mkono haukutulia kwa siku moja, nisikudanganye. Mtaalamu alinikataza kuifanya barua yako dawa ya peke yake; alisema siku moja posta itachelewa, nitafanyaje? Kwa hiyo kila asubuhi nakaa dakika kumi, nahesabu pumzi, nashuka ngazi zangu mwenyewe. Huko chini kuna mlango. Umesimama mlangoni na miaka kumi na minne, unatazama miguu yangu. Nikifumbua macho nashika kibano. Siku ya kwanza nilirudisha vipande vinne. Ya pili tisa. Cha hamsini na tatu kiliingia Ijumaa, saa tano kasoro dakika saba. Niliisikia ikianza kutembea, nikaweka kichwa mezani.

Jana mzee ametoka getini nayo. Amesimama barabarani, ameitoa mfukoni, ameilinganisha na saa ya stesheni. Ya stesheni ndiyo iliyochelewa.

Mtaalamu anakusalimu. Anauliza kama una nafasi ya kumwandikia na yeye kidogo. Anasema hakuna mtu anayemgombeza.

Sasa jambo moja la mwisho. Ndani ya bahasha hii utakuta ile barua yako ya Januari. Nimeikunja vizuri, haijachafuka. Ni nzuri sana, dada, nimeisoma mpaka naijua kwa moyo, na nakushukuru kwa kila neno. Lakini sijaipokea. Irudishe kwenye mkoba wako, uikalie, uniletee mwenyewe tukiwa wazee wawili tusio na meno, nami nitaisikiliza yote bila kutetemeka. Kabla ya hapo siitaki.

Soksi nimevaa. Za sufu, kama ulivyosema. Moja ina tundu kidoleni.

Mdogo wako